Tamaa na Umbo Lake: Touki Bouki na Hyènes za Djibril Diop Mambéty

Miaka 19 inazitenganisha Touki Bouki (1973) na Hyènes (1992), filamu mbili ndefu pekee za Msenegali Djibril Diop Mambéty. Ya kwanza imevunjwavunjwa: wakati hauna mpangilio, na mtazamaji huachwa aunge vipande mwenyewe. Ya pili inanyooka tangu mwanzo hadi mwisho, tena imetokana na tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt. Wapo wanaoamini kwamba mwongozaji huyu alipoa kadiri umri ulivyosonga. Sikubaliani nao. Umbo lilibadilika kwa sababu tamaa, ambayo ndiyo mada ya filamu zote mbili, ilikuwa imebadilika.

Katika Touki Bouki, Ufaransa ni ndoto. Mory, mwenye pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake, na Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu, wanahangaika Dakar kutafuta nauli ya meli, kwa hila na kwa wizi. Sauti ya Josephine Baker inaimba Paris, inakatika, inaanza tena. Ndoto haina utaratibu, na uhariri umeutii ukweli huo. Tazama bandarini: Mory yuko kwenye ngazi ya meli, honi inalia, mara tunaonyeshwa ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa. Hakuna anayetueleza kwa nini Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini, wala hatuhitaji kuelezwa. Anta anasafiri peke yake.

Katika Hyènes, aliyeondoka anarudi. Linguère Ramatou alifukuzwa katika mji wa Colobane akiwa msichana mjamzito, baada ya Dramaan Drameh kuwahonga mashahidi wa uongo ili aikane mimba. Sasa utajiri wa Ramatou unalinganishwa na wa Benki ya Dunia, na atawamwagia watu fedha wakimuua Dramaan. Wanakataa kwa hasira, kisha wanaanza kukopa: viatu vipya, feni, majokofu. Tamaa si ndoto tena. Imekuwa deni, na deni lina mfuatano. Leo unachukua, kesho unadaiwa. Masimulizi yangekatwakatwa hapa, hofu ya Dramaan ingepotea, kwa kuwa inakua hatua kwa hatua kila anapowaona wateja wa duka lake na viatu ambavyo hawajavilipia.

Mambéty alizaliwa Colobane hiyohiyo, lakini hakuizungumzia Senegal peke yake: alieleza kwamba tembo wa filamu hii aliwaazima kwa Wamaasai wa Kenya, na fisi akawatoa Uganda.

Ninachokistahi zaidi ni namna alivyokataa kumfanya Ramatou shujaa. Dhuluma aliyotendewa ni ya kweli na madai yake ni halali, ila haki aliyoinunua inamla mdhalimu pamoja na mji mzima. Nafasi ya Gaana, jaji wa zamani aliyeingia katika utumishi wa Ramatou na kuyatangaza mashtaka yake hadharani, Mambéty hakumpa mwigizaji mwingine. Aliicheza yeye mwenyewe.