Mbuzi Mzee Anayepukutika Manyoya: Maradhi, Matunzo na Hukumu Zake



Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zilikuwa wilaya moja mpaka Kyerwa ilipogawanywa mwaka 2012. Huko mbuzi ni sehemu ya mji. Samadi yake huenda kwenye migomba na kahawa, na jike anayezaa vyema huachwa miaka mingi. Manyoya yakianza kupukutika, mwenyewe husema: "Ni uzee tu." Wafugaji wetu wa Unguja na Pemba nao husema hivyo hivyo. Kauli hii inahitaji kuangaliwa, kwani uzee hufifisha na kupunguza manyoya, lakini vipara vyenye magamba na mwasho kwa kawaida ni maradhi.

Umri wake

Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini. Meno ya kudumu hutimia akifika takriban miaka minne. Baadaye huanza kuachana, kusagika na kung'oka. Mbuzi wa namna hiyo hashibi hata majani yakiwa tele, na mwili usioshiba hupoteza manyoya.

Sababu za kupukutika

1. Upele unaoletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi. Mara nyingi huanza usoni na masikioni. Ngozi hukakamaa na mbuzi hujikuna sana. Huambukiza mbuzi wengine, na huweza kumwasha mtu anayemshika.
2. Chawa, ambao huonekana ukipambanua manyoya.
3. Fangasi, wenye vipara vya mviringo. Nao huambukiza watu, hasa watoto.
4. Minyoo. Tazama ndani ya kope: zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu imepungua. Uvimbe chini ya taya nao ni dalili.
5. Upungufu wa madini, hususan zinki na shaba.

La kufanya

Mtenge na wenzake, kausha banda, kisha mwite afisa mifugo. Usimpake oili chafu ya gari. Inaunguza ngozi na ina sumu. Dawa ya upele hurudiwa kama alivyoelekeza mtaalamu, na nyama na maziwa hayatumiwi mpaka zipite siku alizotaja. Mbuzi mzee apewe majani laini yaliyokatwakatwa, pumba, jiwe la chumvi na maji safi, na ale peke yake asije akasukumwa na vijana.

Hukumu zake

Kwanza, Udhhiya. Katika Hadithi ya Al-Baraa bin Azib (Radhiya Allahu anhu), Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametaja wanne wasiofaa: chongo aliye dhahiri, mgonjwa aliye dhahiri, kiguru aliye dhahiri, na aliyekonda hata hana uboho. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kauli sahihi ya madhehebu ya Imam Shafi ni kwamba hata upele kidogo unamtoa mnyama katika Udhhiya, kwani unaharibu nyama. Ama aliyepukutika manyoya kwa sababu nyingine, naye ni mzima na amenona, manyoya pekee hayamzuii, kwa kuwa kasoro inayozingatiwa ni ile inayopunguza nyama.

Pili, kuuza. Haijuzu kumnyoa au kumpaka mafuta ili vipara visionekane, wala kuficha maradhi unayoyajua. Mnunuzi akigundua kasoro ya zamani aliyofichwa ana haki ya kumrejesha. Anayemnunulia jamaa wa visiwani mbuzi wa Idi kutoka Bara naye atazame ngozi na meno kabla ya kulipa.

Tatu, kumtelekeza. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kuwa mwenye mnyama anayeliwa akikataa kumlisha, hulazimishwa moja kati ya matatu: amlishe, amuuze au amchinje. Kumwacha afe njaa kambani kwa kuwa hazai tena si katika hayo matatu. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimkemea mwenye ngamia aliyemtaabisha na kumwacha na njaa, na mbuzi aliyetulishia watoto wetu kwa maziwa yake anastahiki wema huo huo.

Wallahu a'lam.