Herufi Nene Zilivyopanda Mlima hadi Tarakea

Herufi nene zenye serifu, vile vijiguu vya mwisho wa mistari, leo huuzwa kwenye kompyuta kwa sifa ya ukale. Zilizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19, pale Robert Thorne alipozinenepesha ili tangazo lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito mno, hivyo Darius Wells wa New York akatoa katalogi ya herufi za mbao mwaka 1828. Lakini seti za herufi hizo zilihesabiwa kwa Kiingereza, lugha inayotumia E kuliko herufi nyingine zote. Kiswahili hula A. Nusu ya herufi za neno kahawa ni A. Jina la mji wa Tarakea lina A tatu kati ya herufi saba. Mpiga chapa mwenye seti ya namna hiyo angeishiwa A kabla tangazo la mnada halijakamilika. Hapo ndipo naiona sababu ya herufi hizi kushamiri mlimani Kilimanjaro kwa brashi kuliko kwa mbao: brashi haiishiwi A.

Unene wenyewe huko mlimani naufuatilia kwenye gunia la kahawa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933. Kahawa iliyosafiri mbali ilihitaji gunia lenye jina, na gunia hupigwa alama kwa bati lililotobolewa. Bati halivumilii mistari myembamba: hukatizwa ili kipande cha ndani kisidondoke, na kinachobaki ni unene mtupu. Kwa maoni yangu, jicho la mlimani lilifunzwa na gunia kabla ya kufunzwa na kitabu. Tarakea, mji wa mpakani wa Rombo unaotazamana na Loitokitok ya Kenya, una haja ileile ya maandishi manene, yanayosomeka kwa mbali. Mnunuzi wa mahindi au maharage aliye juu ya lori ni mgeni, tena hana muda wa kusogea karibu.

Atakayesema umbo hili ni la London, si letu, anasema kweli kuhusu asili yake tu. Mashine ya kukoboa kahawa nayo ilitoka ng'ambo, na hakuna anayeikataa kwa sababu hiyo. Hoja nzito zaidi ni ya kompyuta: ina A zisizokwisha, na bango lake hutoka upesi likiwa na picha. Kwa kasi imeshinda, na fundi wa brashi amepoteza kazi nyingi. Hata hivyo, umbo lililoandaliwa tayari huja na upana wake, wala haliupimi ukuta unaosubiri neno kama TUNANUNUA. Mchora mabango hutangulia na kamba na chaki, akagawa nafasi, akazibana N na kuipunguza A ya mwisho mguu mmoja ili mlango wa duka usiikate.