Shule ya Mameneja: General Electric, 1950–1961

Kampuni ya General Electric ya Marekani, iliyozaliwa mwaka 1892 kwa kuunganishwa kampuni mbili za umeme, ilikuwa imekua mno Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Ilitengeneza balbu na majokofu, injini za ndege, na mitambo ya kuzalisha umeme wa miji mizima. Na mambo mengi ya maana yalipelekwa makao makuu, yakangojea uamuzi wa wakubwa wachache. Ralph Cordiner alipokabidhiwa urais wa kampuni mnamo Desemba 1950, alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwili huo ulikizidi kichwa chake.

Dawa aliyoichagua ni kuugawa. Kampuni ilikatwa kuwa idara zipatazo mia, kila moja na bidhaa zake, soko lake, na meneja wake aliyewajibika kwa faida na hasara. Lakini mameneja wa namna hiyo walikuwa haba. Walikuwapo mainjinia hodari, na wauzaji wenye ulimi mtamu. Ila mtu aliyezoea kutii kwa miaka 20 haamki siku moja akawa mwenye kukata shauri. Zamani wakubwa wa kampuni walikutanika wakati wa kiangazi katika kisiwa kimoja cha Ziwa Ontario, kwa michezo na hotuba. Udugu ulipatikana huko, wala siudharau. Lakini udugu si elimu.

Basi Cordiner alimpa Harold Smiddy kazi ya kuutafuta ujuzi wenyewe wa kuongoza, naye akashauriana na Peter Drucker, mwandishi mzaliwa wa Vienna. Vikatoka vitabu vinene vya majalada ya buluu, vikifundisha kwamba kazi ya meneja ni kupanga, kuunda, kuunganisha na kupima. Mwaka 1956 ikafunguliwa shule huko Crotonville, katika bonde la mto Hudson, na watu wazima wenye vyeo wakaacha ofisi zao kwa majuma 13 wakakaa darasani kama vijana. Nadhani hapajapata kuwako kabla ya hapo kampuni iliyoichukulia kazi ya umeneja kuwa taaluma kwa bidii kama ile.

Kilichonivuta zaidi katika mpango huo ni vipimo vyake. Idara ilitakiwa ipimwe kwa mambo manane: faida, nafasi yake katika soko, tija, ubora wa bidhaa mbele ya washindani, kukuza watu, nia ya wafanyakazi, wajibu kwa umma, na mizani kati ya haja za leo na za kesho. Orodha nzuri, bila shaka. Lakini katika manane hayo, faida ndiyo iliyohesabika kwa urahisi, nayo ndiyo iliyoulizwa kwanza. Ni nani atakayempimia meneja wajibu wake kwa umma kila mwisho wa mwezi?

Idara za mitambo mizito ndizo zilizobanwa. Wanunuzi wao walikuwa wachache, na mnamo 1954 na 1955 bei ziliporomoka vibaya. Mikutano ya siri baina ya washindani ilikuwa desturi ya zamani, haikuzaliwa na ugawaji wa Cordiner. Lakini meneja aliyeambiwa kwamba faida ni juu yake mwenyewe aliona njia hiyo ingali wazi. Kampuni zilipewa namba, General Electric ikawa 1 na Westinghouse 2, na katika baadhi ya bidhaa zamu ya kushinda zabuni ilifuata jedwali lililoitwa awamu za mwezi. Mwaka 1959 shirika la serikali la Bonde la Tennessee lilinung'unika hadharani kwamba zabuni zilizofungwa kwa siri zilikuwa zikifunguliwa zikiwa na bei zilezile.

Februari 1961, mjini Philadelphia, Jaji J. Cullen Ganey alizihukumu kampuni 29. General Electric ilitozwa faini ya dola 437,500, na watu 7 walipelekwa jela kwa siku 30. Watatu kati yao walikuwa wa kampuni hiyo, na mmoja alikuwa makamu wa rais.

Kampuni ilijitetea kwa kuonyesha amri yake namba 20.5, iliyokataza mapatano ya bei na ambayo mameneja waliitia sahihi. Jaji hakuridhika, aliona amri hiyo ilivunjwa zaidi kuliko ilivyosimamiwa. Na mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver, meneja mmoja alieleza kuwa katika kampuni ilikuwa desturi mkubwa kutoa agizo huku akikonyeza jicho, na aliye chini akajua kwamba maneno yasichukuliwe kama yalivyosemwa.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Bali Cordiner hakukubali takataka hizo zitupwe kwake. Alisema hakujua, na yamkini hakujua kweli. Lakini mtu aliyegawa mamlaka kwa idara mia, akafungua na shule, alipaswa kujua ni maagizo gani yaliyokuwa yakisomwa kwa ukonyezo. Mameneja waliohusika waliondoka katika kampuni. Yeye alistaafu mwaka 1963, na Fred Borch akashika mahali pake. Idara hazikuunganishwa tena, na darasa la Crotonville likaendelea.