Kaimati

Kaimati ni vidonge vya mviringo vya unga wa ngano ulioumuliwa kwa hamira, vikakaangwa katika mafuta mengi, kisha vikagaragazwa katika shira ya sukari. Ni kitafunio cha mwambao wa Afrika Mashariki, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba. Hupikwa majumbani mwaka mzima, lakini msimu wake hasa ni Ramadhani, ambapo huandaliwa kwenye futari pamoja na tende, sambusa, katlesi na uji. Unga wake si kama wa mahamri, ambao hukandwa ukawa donge, ukasukumwa na kukatwa. Wa kaimati ni rojo zito linalochotwa kwa mkono na kutiwa mafutani moja kwa moja. Ndani yake sukari ni kidogo au haimo kabisa. Utamu wote uko juu.

Chakula cha namna hii ni cha kale. Kitabu cha mapishi cha Muhammad al-Baghdadi, kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, kinaeleza vidonge vya unga uliochachuka vinavyokaangwa kwa mafuta ya ufuta na kuchovywa katika maji ya sukari. Waturuki wanayo lokma, ambayo aghalabu hugawiwa watu katika kumkumbuka marehemu. Wagiriki huimwagia ya kwao asali na mdalasini. Oman na Falme za Kiarabu huila lugaimat wakati wa Ramadhani, mara nyingi kwa asali ya tende na ufuta. Majahazi ya kaskazi na kusi yaliuunganisha mwambao na Ghuba kwa karne nyingi, na kaimati ni miongoni mwa vyakula ambavyo mtu wa Muskat na mtu wa Mombasa wanavitambua bila kuelezwa. Mchango wa mwambao ni tui la nazi, ambalo wapishi wengi hukandia badala ya maji.

Kwa kaimati takriban 30 hutosha unga wa ngano gramu 250, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, mtindi vijiko viwili vya chakula, na tui jepesi au maji ya uvuguvugu kiasi cha mililita 200. Maji hayo yasizidi joto ambalo kidole kinastahimili bila shida, kwa kuwa hamira ni kiumbe hai na hufa inapofikia nyuzi 60 za Selsiasi. Mtindi huongeza uchachu mwepesi unaopoza utamu wa shira. Wengine hutia iliki au yai, ingawa yai huifanya kaimati iwe laini kama keki na kuipunguzia ukavu wa ganda, na kaimati isiyo na ganda kavu imekosa jambo lake kuu.

Kazi ya kwanza ni kuupiga unga. Mpishi huingiza kiganja chini ya bakuli, huukusanya unga, huuinua na kuubwaga kwa nguvu, akirudia kwa dakika tano hadi kumi. Mwanzoni unga hukatika vipande na kung'ang'ania vidole; baadaye hulainika, huvutika bila kukatika na kutoa mlio wa hewa inayopasuka. Kipigo hicho huziunganisha protini za ngano kuwa wavu wa gluteni, na wavu huo ndio unaoishika hewa ya ukaa inayotolewa na hamira. Unga usiopigwa huumuka pia, lakini hewa hutoroka na kaimati hutoka nzito. Uzito wa rojo hupimwa kwa kuliinua: linapaswa kudondoka polepole kwa bonge, si kutiririka. Hufunikwa na kuachwa mahali pa joto hadi liongezeke maradufu, kwa kawaida kati ya saa moja na saa moja na nusu. Likishaumuka halikorogwi tena.

Kuchota kunahitaji mazoea. Mkono mmoja uliolowanishwa huchukua unga na kufumba ngumi, ukiuminya hadi kidonge kichomoze kati ya kidole gumba na cha shahada; mkono wa pili hukikata kwa ncha za vidole au kwa kijiko kilichopakwa mafuta, na kukidondosha karaini kwa karibu, juu kidogo tu ya mafuta. Kidonge kiwe na kipenyo cha sentimita tatu hivi. Kikiachiwa kutoka mbali hufanya mkia na huweza kurusha mafuta, na kwa sababu hiyo hiyo mkono uwe na unyevu tu, usichuruzike maji.

Mafuta yafikie nyuzi 170 hadi 175. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la unga: likizama kisha likaibuka mara moja likitoa mapovu madogo, mafuta yako tayari. Karai halijazwi kupita nusu, na kaimati hutiwa chache chache ili joto lisishuke, kwani mafuta yakipoa ganda huchelewa kufunga na kaimati hunywa mafuta. Mara zinapoelea hugeuzwa mfululizo kwa mwiko wa matundu kwa dakika tano au sita, hadi ziwe na rangi ya dhahabu iliyoiva. Haraka huharibu hapa. Kaimati iliyopata rangi kabla ya kukauka huwa na mvuke mwingi ndani, na mvuke huo ukitoka baada ya kuipuliwa hulilegeza ganda.

Shira ndiyo inayotenganisha kaimati nzuri na ya kawaida, na makosa mengi hutokea hapo. Sukari gramu 200 huchemshwa na maji mililita 120 pamoja na iliki iliyotwangwa, na zafarani ikipatikana. Hukorogwa hadi sukari iyeyuke, kisha huachwa ichemke bila kuguswa. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo joto la mchemko linavyopanda. Karibu na nyuzi 110, tone lililopozwa na kubanwa kati ya vidole viwili huvutika uzi, na shira ya kiwango hicho huifunika kaimati kwa ung'avu unaonata. Ikipandishwa hadi nyuzi 114 hivi, ikaepuliwa, kaimati zikatiwa na kupinduliwa bila kusita, sukari huganda kuwa chembe ndogo ndogo na kuacha gamba jeupe, kavu, linalovunjika jinoni.

Kati ya hali hizo mbili, uamuzi uko kwenye ndimu. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzuia chembe zisiungane. Matone machache yanaifaa shira ya kung'aa. Anayetaka gamba jeupe haitii kabisa. Shira iliyoepuliwa mapema hupenya ndani na kuilowesha kaimati, na iliyopitiliza hugandia sufuriani kabla haijaenea. Ya pili huokolewa kwa kijiko cha maji na moto mdogo.

Kaimati huliwa siku ile ile, pamoja na kahawa chungu au chai. Zikifunikwa zingali moto hutoa jasho, kwa hiyo hutandazwa kwenye sinia hadi zipoe. Sukari hufyonza unyevu wa hewa, na wakati wa masika hata gamba lililokauka vizuri huanza kunata baada ya saa chache. Zinazotengenezwa kwa ajili ya wageni wa jioni huweza kukaangwa alasiri na kuachwa bila shira, kisha zikarudishwa kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja na kutiwa shira mpya muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi.