Kihisi

Kihisi ni kifaa kinachotambua badiliko katika mazingira yake, liwe la joto, mgandamizo wa hewa au mtikisiko, na kuligeuza kuwa ishara ya umeme. Neno limetokana na kitenzi hisi, chenye asili ya Kiarabu, likapewa kiambishi ki- cha vifaa. Wingi wake ni vihisi. Wapo wanaosema "sensa", lakini neno hilo tayari lina kazi ya kuhesabu watu, hivyo kihisi linafaa zaidi.

Vihisi vingi vikiwasiliana kwa redio huwa mtandao wa vihisi visivyotumia waya. Wahandisi wamependekeza mitandao ya namna hiyo isambazwe juu ya sayari nyingine, na kikwazo kikubwa ni umeme. Redio ndiyo hula umeme mwingi, kwa hiyo kihisi hulazwa muda mrefu, kikaamka, kikapima, kikatuma data kidogo, kikalala tena.

Ubahili huo una sababu. Chombo cha Marekani, InSight, kilitua Mirihi Novemba 2018 kikiwa na kipimatetemeko nyeti mno. Mwanzoni paneli zake za sola zilizalisha takriban wati-saa 5,000 kwa siku ya Mirihi; kufikia Mei 2022 vumbi lilikuwa limezishusha hadi 500 hivi. Vifaa vingine vilizimwa ili kipimatetemeko, ambacho nacho ni kihisi, kiendelee na kazi. Kilinasa matetemeko zaidi ya 1,300 kabla ya mawasiliano kukatika Desemba 2022.