Nitrojeni Iliyoiacha Milima ya Gusii

Mwaka 1993 mtaalamu wa udongo kutoka Uholanzi, Eric Smaling, na wenzake walichapisha hesabu ambayo kila mkulima wa Gusii alistahili kusomewa barazani. Walikadiria kinachoingia na kinachotoka katika mashamba ya Wilaya ya Kisii, huko Gusii nchini Kenya, na wakakuta kila hekta inapoteza wastani wa kilo 112 za nitrojeni kwa mwaka. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Basi kila ekari ilikuwa ikipokonywa kama mifuko miwili ya urea, mwaka nenda mwaka rudi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wimbi lilipokuwa ndilo chakula kikuu cha Abagusii, wenyeji wa milima hii, shamba lililochoka lilipumzishwa na mifugo ikalishwa humo. Mahindi yakaenea wakati wa ukoloni, kahawa ikaingia miaka ya 1930, chai na pareto zikafuata. Watu wakaongezeka, ardhi ya babu ikagawanywa kwa wana na wajukuu, na mapumziko yale yakaisha. Mahindi chotara kutoka Kitale, yaliyoanza kusambazwa miaka ya 1960, yalizaa sana lakini yalitaka mbolea.

Nitrojeni ile ilikwenda wapi? Nyingi ilitoka na mavuno. Nyingine ilisombwa na udongo kwenye miteremko, na nyingine ikazama na maji, kwa sababu naitreti huyeyuka na udongo hauishiki. Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mkulima akimaliza mbolea yote siku ya kupanda, mche hauna mizizi ya kuinyonya, na mvua ya Aprili huizamisha.

Katika hesabu ile, pareto ndiyo iliyoongoza kwa kuukamua udongo, na chai ikawa na hasara ndogo kuliko mazao mengine makuu. Hilo lanishughulisha kuliko tarakimu zote. Chai hufunika ardhi, matawi yake yakipogolewa hubaki shambani, na mkulima hupewa mbolea ya NPK kwa mkopo kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai. Mahindi hayana mdhamini kama huyo. Mkulima wake hununua mbolea ya kupandia ya DAP anapoweza, na matumizi ya DAP ya miaka mingi huongeza asidi ya udongo hadi mizizi inashindwa kufaidi hata mbolea iliyopo.

Mwaka 2006, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 hadi 50 kwa hekta ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Kenya nayo ilishusha bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Ni msaada wa kweli kwa mnyonge, ila mfuko wa bei nafuu unaoishia mtoni haujamsaidia mtu.

Dawa zinajulikana: samadi na mboji, chokaa penye asidi, nyasi za nepia kwenye matuta, na mbolea ya kukuzia ya CAN itiwe mahindi yakifika magotini, kwa awamu mbili pale mvua inapokuwa kali. Kinachokosekana ni maafisa wa kilimo wa kufika vijijini na kupima udongo. Kaunti za Kisii na Nyamira ziwaajiri, zirudie hesabu ya 1993 shamba kwa shamba, na mkulima apewe majibu yake kabla ya mvua za masika.