Zima, Washa: Safari ya Seva hadi Zahanati za Gusii

Katika kliniki nyingi za Kisii na Nyamira, karani wa rekodi hujifunza dawa moja kabla hajakariri hata nywila yake: zima, washa. Foleni ikishafika nje ya mlango na skrini ikawa inazunguka tu, mtu huinuka, akaenda kwenye meza yenye kompyuta ya seva, akabonyeza kitufe, akangoja, akarudi. Muda si muda majina ya wagonjwa yanafunguka tena. Kilichotokea hakiulizwi. Desturi hii ina historia, na kuna wakati ilikuwa halali kabisa.

Mfumo wenyewe haukuzaliwa Gusii. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta kwa Microsoft Access. Access ni daftari zuri la ofisi ndogo. Faili lake halivuki gigabaiti 2, na watumiaji wakiongezeka huanza kusukumana mlangoni. Mradi wa AMPATH wa kutibu UKIMWI ulipopanuka, daftari hilo lilielekea kuelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, walifika Eldoret kuangalia, na kutokana na safari hiyo wakaanza kubuni mfumo wa rekodi za wagonjwa, OpenMRS. Mwaka 2006 ilikuwa kazini. Imeandikwa kwa Java, inakaa juu ya seva ya Tomcat, data zake zinalala ndani ya MySQL, na karani anaifikia kwa kivinjari cha kawaida.

Toleo la Kenya, KenyaEMR, lilianza kusambazwa 2012 na Wizara ya Afya pamoja na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington, hasa kwa kliniki za VVU, zile ambazo kila mgonjwa huziita CCC. Zamu ya Gusii ikafika. Yaani mashine ya aina ambayo benki huiweka kwenye chumba chenye baridi na walinzi, sasa ilikuwa juu ya meza ya mbao, kando ya rafu za mafaili ya manila, katika milima inayojulikana Kenya nzima kwa radi na mvua ya mawe. Umeme ukikatika alasiri, betri ya akiba hulia kidogo kisha hunyamaza, na seva huzimika bila kuaga.

Kwa hiyo kuzima na kuwasha lilikuwa jambo la kila siku hata bila hitilafu. Lakini hitilafu ilikuwepo, na ilikuwa na jina.

Java ya miaka ile ilitenga fungu maalumu la kumbukumbu, PermGen, la kuhifadhia maelezo ya programu yenyewe. Kwenye mashine nyingi fungu hilo lilikuja likiwa na megabaiti 64 hivi. OpenMRS nayo hujengwa kwa moduli, na kila moduli ikipakiwa upya, mabaki ya ile ya zamani yaliweza kubaki ndani. Fungu likijaa, Tomcat iliandika OutOfMemoryError, ikataja PermGen, ikagoma. Waliofuata maelekezo ya OpenMRS walilipanua hadi megabaiti 256. Wengine walizima, wakawasha, na mabaki yakafutika. Dawa ililingana na ugonjwa.

Machi 2014 ikatoka Java 8, isiyo na PermGen kabisa. Seva zilizohamia toleo hilo ziliachana na ugonjwa huo, desturi ikabaki.

Kosa lililochukua nafasi yake lilikuja na jina la ukoo lile lile. Bado liliitwa OutOfMemoryError, ila sehemu ya pili ya mstari ilisema kwamba mashine imeshindwa kuunda uzi mpya. Uzi ndio mhudumu ndani ya seva: kila ombi la karani hukabidhiwa uzi mmoja, na Tomcat kwa kawaida huruhusu hadi 200. Mafundi wengi duniani walisoma nusu ya kwanza ya mstari, wakaongeza kumbukumbu ya Java. Wakakosea pabaya. Kila uzi hutengewa eneo lake nje ya fungu kuu la Java, kwa kawaida megabaiti 1 kwenye Linux ya biti 64. Seva yenye gigabaiti 4, ukiipa Java 3, na MySQL nayo inataka chake, umepanua sebule kwa kubomoa jikoni.

Mara nyingine RAM hata haikuwa na hatia. Mwishoni mwa 2015 systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux, iliwekewa kikomo cha nyuzi 512 kwa kila huduma, kiitwacho TasksMax, na Ubuntu ya 2016 ikaja na kikomo hicho. Toleo la systemd la katikati ya mwaka huo lilikilegeza, lakini mashine isiyosasishwa haikupata habari. Hata ungeiongezea RAM, ingekwama pale pale, kwenye 512.

Lakini kliniki yenye kompyuta nne inamalizaje nyuzi mia mbili? Itazame mwanzoni mwa mwezi, wakati wa ripoti ya Wizara ya Afya, MOH 731. Ripoti inapekua rekodi za wagonjwa wote, MySQL inahema. Karani wa dirisha la pili anabofya jina, halifunguki. Anabofya tena, na tena. Kila mbofyo ni uzi mpya, na ule wa kwanza bado umesimama ukingoja. OpenMRS huwa na milango 50 tu ya kuingilia kwenye hifadhidata. Ikishashikwa yote, nyuzi zinapanga foleni ndani ya seva kama wagonjwa walivyopanga kwenye benchi nje. Juu ya hizo kuna nyuzi zilizoachwa na moduli zilizopakiwa upya: Tomcat huzitaja katika catalina.out, faili ambalo wachache hulifungua.

Anayewasha upya hufukuza foleni yote, pamoja na ushahidi wake. Hivyo fundi unayepigiwa simu kutoka Keroka au Ogembo, kabla ya kuwaambia wazime, waombe dakika mbili: endesha jstack, hifadhi orodha ya nyuzi zote na kila moja ilipokwama, soma kikomo cha TasksMax, kisha waache wabonyeze kitufe.